Kutunza Kilicho Chini ya Miguu

Mgeni akiingia katika nyumba husifu paa, husifu kuta, husifu milango iliyochongwa vizuri. Sakafu haisifu. Huitazama pale tu inapomkwaza. Hata hivyo hakuna sehemu ya nyumba inayofanya kazi ngumu kuliko hiyo, kwa maana paa hupigwa na mvua kwa msimu, lakini sakafu hukanyagwa kila siku, na wenye kuikanyaga ni walewale inaowahifadhi. Ndiyo sababu nimeichagua sakafu niizungumze pamoja na swali ambalo limenisumbua kwa miaka mingi: Je, kutunza ni wajibu mdogo kuliko kujenga? Na mtu anayeacha kutunza leo kwa kuwa anangoja kujenga kesho, tumwiteje? Tumwite mvumilivu, au mdeni?

Nilizaliwa Getanuwas, wilayani Hanang, wakati ambapo sehemu zile zilihesabiwa bado katika Mkoa wa Arusha, maana Mkoa wa Manyara ulizaliwa mwaka 2002. Nyumba yetu ilikuwa tembe, nyumba ya miti na udongo yenye paa la udongo, na sakafu yake ilikuwa ardhi ileile iliyokuwapo kabla ya nyumba, ila imeshindiliwa. Sakafu ya namna hiyo, ikiachwa, hupasuka wakati wa kiangazi na kutoa vumbi, na katika vumbi huzaliana viroboto na funza wanaoingia vidoleni mwa watoto. Dawa yake ilikuwa kusiriba. Mama alichukua mavi mabichi ya ng'ombe, akayachanganya na udongo na maji kidogo, wakati mwingine na majivu, akapiga magoti katika pembe ya mbali ya chumba na kuanza kupaka kwa kiganja, akirudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Nyuzi za majani zilizomo katika mavi hushika udongo usipasuke. Kiganja kiliacha mistari ya nusu duara, mmoja juu ya mwingine. Ilipokauka, chumba kilinukia majani, na vumbi lilikuwa limekwisha.

Kazi hiyo haikumalizika kamwe. Baada ya siku chache njia ya kutoka mlangoni hadi jikoni ilikuwa imechakaa, na mama alipiga magoti tena. Baba alijenga nyumba ile mara moja, na watu wakaja kunywa pombe na kumpongeza. Mama aliitengeneza kila juma kwa miaka yote niliyokaa pale, wala sikumbuki hata siku moja ambayo mtu alikuja kumpongeza. Nikiwa mtoto nilimwuliza kwa nini anaipaka na hali kesho tutaikanyaga. Alinijibu bila kuinua kichwa, "Baba, naipaka kwa sababu mtaikanyaga." Nilidhani amenijibu kwa mzaha. Imenichukua nusu ya maisha yangu kufahamu kwamba lilikuwa jibu kamili.

Nilipokuwa mtu mzima nilipata kazi mjini Arusha, kutunza nyumba moja ya wageni ambayo sitaitaja jina. Ukumbi wake ulikuwa na sakafu ya mbao za mninga. Msomaji aliyekulia katika udongo kama mimi ataelewa jinsi nilivyoistaajabia. Mninga ni mti wa miombo yetu, wenye utomvu mwekundu kama damu, na seremala huupenda kwa sababu mbao zake zikishakauka hazivimbi wala hazisinyai sana, jambo ambalo ni sifa kubwa kwa ubao wa sakafu. Lakini hukua polepole. Mti wa kutoa mbao nzuri umeishi kwa makumi ya miaka, na mara nyingi karibu miaka mia moja, kabla ya shoka kuufikia. Kwa hiyo kila nilipopita ukumbini nilikanyaga umri wa watu kadhaa.

Nilidhani sakafu ya namna ile haihitaji mtu. Aliyenitoa katika ujinga huo ni mzee mmoja fundi seremala aliyeitwa kurekebisha mlango. Alinitazama nikipiga deki kwa ndoo nzima ya maji, akaniambia, "Mwanangu, unaiua." Kisha akaniketisha na kunifundisha, na mafundisho yake nitayaeleza hapa kwa ufupi, kwa kuwa ndiyo msingi wa hoja yangu.

Alisema kwamba mtu hakanyagi ubao. Hukanyaga kitu kilichopakwa juu ya ubao. Kitu hicho chaweza kuwa nta, au mafuta kama yale ya kitani, au vanishi. Nta ni nyepesi kupaka na nyepesi kuisha. Mafuta huingia ndani ya ubao. Vanishi hukaa juu kama kioo chembamba. Lakini vyote vina kazi moja, nayo ni kuchakaa badala ya ubao. Tabaka lile la juu limewekwa pale ili liliwe, ubao upone. Adui wake mkubwa ni mchanga unaoletwa na viatu, ambao husaga kama msasa kwa kila hatua, na adui wa pili ni maji. Kwa hiyo weka mkeka wa kupangusia miguu mlangoni. Fagia kila siku kwa ufagio laini. Pangusa kwa kitambaa kilichokamuliwa barabara, wala usimwage maji. Weka vipande vya blanketi kuukuu chini ya miguu ya viti. Tena alinionya kwamba matambara yenye mafuta ya kitani yasikunjwe na kutupwa pembeni, kwa sababu hupata joto yenyewe na yaweza kuwaka moto pasipo mtu kuyawasha. Yatandazwe nje yakauke, au yatiwe majini.

Mwisho alinionyesha kipimo. Alichovya kidole katika maji akadondosha tone pembeni mwa ukumbi. Tone likakaa juu kama shanga. "Hapa tabaka lipo." Akadondosha jingine karibu na mlango. Tone likatambaa polepole, na ubao ukageuka mweusi chini yake. "Hapa linakwisha. Paka sasa. Safisha, pitisha msasa mwembamba kwa mkono, futa vumbi, paka mkono mmoja wa vanishi. Ukifanya hivyo kila baada ya miaka mitatu au minne, sakafu hii itakuzika wewe na mimi. Usingoje mpaka liishe kabisa, kwa maana hapo hutakuwa unapaka tena. Utakuwa unakata."

Nilimsikia, na nilimwamini, lakini sikufanya. Si kwamba nilikuwa mvivu. Kila siku nilifagia. Lakini kila nilipoomba fedha ya kopo moja la vanishi niliambiwa kwamba yanakuja matengenezo makubwa, ambapo sakafu yote itafanywa upya kwa mashine, kwa hiyo haifai kupoteza fedha katika viraka. Maneno hayo yalinipendeza. Mtu anayengoja matengenezo makubwa hujiona ana mpango, na mwenye mpango hajioni mzembe. Tukangoja miaka tisa. Njia ya kutoka mlangoni hadi mezani ikawa ya kijivu, kisha maji yakaingia kwenye misumari na kuacha mabaka meusi, kwa sababu chuma na maji hugombana na utomvu wa mbao.

Mashine ilipokuja, fundi mwingine alinieleza hesabu ambayo yule mzee hakuimaliza. Ubao wa sakafu waweza kuwa na unene wa milimita 19, lakini mbao hushikana kwa ulimi na mfuo, na juu ya ulimi hubaki kama milimita 6 tu. Hizo ndizo zinazoweza kukatwa. Msasa wa mashine juu ya sakafu iliyoharibika huondoa karibu milimita moja, na penye mabaka zaidi. Kwa hiyo sakafu ina maisha machache ya kukatwa, kisha misumari hutokeza na ubao hupasuka. Jioni ile nilizoa magunia ya unga mwekundu wa mninga. Ukumbi uling'aa, na watu wakasifu. Mimi nilijua kilichokuwa ndani ya magunia yale. Kwa makopo machache ya vanishi tungekuwa nacho bado, na sasa hakuna fedha ya kukirudisha, ila kupanda mninga na kungoja miaka mia moja. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Nami nilikuwa nimeshika shoka kwa mikono mitupu.

Kama hasara ingekuwa ya mbao tu nisingeandika. Katika miaka ileile tisa nilikuwa na mpango mwingine mkubwa. Nilikuwa nimemwahidi mama sakafu ya saruji. Niliona aibu kwamba mwanawe ana kazi mjini na yeye bado anapiga magoti katika mavi ya ng'ombe. Kwa hiyo nilianza kuweka akiba, na kwa kuwa nilikuwa naweka akiba sikwenda nyumbani, maana nauli ilikula akiba, na tena sikutaka kufika mikono mitupu. Nilituma salamu. Nilituma ahadi. Kila Krismasi nilisema mwaka ujao. Watu waliotoka kwetu waliniambia kwamba mama ananiuliza, nami niliwajibu kwa furaha kwamba anieleze bado kidogo, ninamwandalia jambo.

Nilifika hatimaye na lori na mifuko ya saruji. Chumba kilikuwa kimesiribwa, lakini mistari haikuwa ya kiganja chake. Alikuwa binti wa jirani, kwa maana magoti ya mama yalikuwa yamekwisha na macho yake yalikuwa na ukungu. Tulimwaga saruji kwa siku mbili, tukailainisha kwa mwiko, tukaiacha ikauke huku tukiinyunyizia maji. Alipoingizwa ndani alivua viatu, akasimama juu yake, akasema, "Ni baridi." Kisha akaniuliza kama nitakaa hadi Jumapili. Nilikuwa nimeomba ruhusa ya siku chache tu, nazo zilikuwa zimekwisha. Alifariki mwaka uliofuata.

Tangu hapo nimejiuliza kosa langu lilikuwa nini hasa, kwa sababu sikumnyima mama kitu. Nilimpa kikubwa kuliko alichoomba. Nathubutu kusema kwamba kosa lilikuwa hili: nilikifanya kikubwa kiwe udhuru wa kutofanya kidogo. Upendo nao una tabaka lake la juu, nalo ni vitu vidogo vinavyochakaa upesi: kumtembelea mtu, kukaa naye, kumwuliza amelalaje. Vitu hivi havidumu, na kwa kuwa havidumu tunavidharau na kutafuta cha kudumu. Lakini kazi yavyo ni kuchakaa. Vinaliwa na siku ili kilicho chini visiliwe. Mtu anayesema, "Nitatengeneza yote siku moja," anakopa katika unene wa ubao, na ubao haumdai mpaka siku utakapotoboka.

Najua hoja za kunipinga, na si dhaifu. Ya kwanza ni kwamba kusifu utunzaji ni rahisi kwa asiyepiga magoti. Hoja hii naikubali. Mimi ninayeandika kwa utamu juu ya kiganja cha mama sikuwahi kupaka sakafu ile. Katika nyumba yetu hiyo ilikuwa kazi ya wanawake, na katika nyumba za mjini ni kazi ya mtumishi wa ndani ambaye jina lake mgeni haulizi. Saruji ilipofika vijijini ilipunguza mzigo uliokuwa juu ya watu walewale siku zote, na anayeililia sakafu ya zamani kwa kuwa inanukia vizuri hana budi kwanza kujitolea kuipaka. Kwa hiyo sisemi kwamba nisingenunua saruji. Nasema ningeinunua, na huku nikija. Zaidi ya hayo, kama kutunza ni wajibu wa kweli, basi ni wajibu wa wote wanaokanyaga. Huko Djenné, nchini Mali, upo Msikiti Mkuu wa udongo, ambao jengo lake la sasa lilikamilika mwaka 1907. Kwa kawaida kila mwaka watu wa mji hukusanyika na kuupaka udongo mpya, vijana wakipanda kutani na wasichana wakileta maji, pamoja na ngoma na shangwe. Pale kupaka upya kumepewa heshima ya sikukuu. Sakafu ya mama ilikuwa udongo uleule na kazi ileile. Kilichokosekana ni heshima na mikono ya watu wengine.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Kwa nini tutunze kilichokusudiwa kuisha? Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang baada ya mvua kubwa, vikaingia Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Nyumba zilizofagiwa Jumamosi jioni zilijaa tope usiku huo. Mbele ya jambo la namna hii, kopo la vanishi ni nini? Sina jibu la kumfariji aliyepoteza ndugu, wala sitajaribu. Ninalojua ni kwamba waliopona, wakisaidiwa na wengi kutoka mbali, walichukua majembe na kutoa tope mpaka wakaifikia sakafu. Hawakufanya hivyo kwa kudhani kwamba mlima umeahidi kutulia. Walifanya hivyo kwa sababu nyumba huanza pale mtu anapoweza kuweka mguu. Maafa hayaondoi wajibu wa kutunza. Yanatukumbusha tu kwamba hatukuwahi kuahidiwa malipo kwa kuutimiza.

Tena si kila kinachoanguka huangushwa na mlima. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ilikuwa fahari ya pwani yote. Mwaka 2012 sehemu ya baraza lake ilianguka. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati kazi ya kuikarabati ikiendelea, sehemu kubwa ya mbele iliporomoka na watu wawili wakafa. Matengenezo makubwa yalikuwa yamefika, lakini yalikuwa yamemkuta mgonjwa mahututi. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na kuta nyingine, ukishazijenga tena, ni kuta mpya zenye jina la zile za kale.

Limebaki jambo moja ambalo yule mzee alinifundisha na ambalo nilichelewa kulifahamu. Alisema kamwe usipake vanishi juu ya uchafu wala juu ya nta. Juu ya uchafu utaufungia uchafu ndani, ukaonekana vizuri zaidi kuliko kwanza. Juu ya nta haitashika, itabambuka kama ganda. Safisha kwanza mpaka kitambaa kirudi cheupe, kisha kwaruza kidogo, ili kipya kipate pa kushika. Nimewaona watu, nami ni mmoja wao, wanaorudi kwa ndugu zao baada ya ukimya wa miaka wakiwa na zawadi kubwa, na kuipaka zawadi juu ya ukimya. Inang'aa kwa wiki moja. Mifuko yangu ya saruji ilikuwa vanishi ya namna hiyo. Ilinipasa kwanza kuketi chini na kusema, "Mama, nimekuacha miaka tisa," na kukwaruzwa kidogo na jibu lake.

Basi kwa swali la mwanzo jibu langu ni hili. Kujenga na kutunza si mkubwa na mdogo. Anayejenga hutoa zawadi mara moja. Anayetunza huitoa zawadi ileile kila siku, bila kuonekana, na akiacha ndipo huonekana. Wala anayengoja hawi mvumilivu kwa kuwa anangoja. Mvumilivu ni yule anayepaka leo huku akijua kwamba watu wataikanyaga kesho.

Sakafu ile ya Getanuwas ipo bado. Sasa anaishi pale mdogo wangu na watoto wake, nayo imepasuka karibu na mlango, ufa mwembamba unaoweza kuzibwa kwa bakuli moja la saruji na asubuhi moja ya kazi. Mdogo wangu huniambia kwamba tungoje mavuno, tuivunje yote tuweke vigae. Yawezekana tutaviweka. Lakini Jumamosi nitapanda basi, nitaziba ule ufa, na nitakaa hadi Jumapili.